Upande wa Dirisha: Kisa cha Dereva Mstaafu wa Malindi

Mwenye kisa ni mwanamume wa miaka 67, mkazi wa Malindi, aliyeendesha basi kwa takriban miaka thelathini kwenye njia ya Malindi hadi Mokowe, pale abiria wanaposhuka na kupanda boti za kuvukia Lamu. Ameridhia kisa chake kiandikwe, nami nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Aliletwa kliniki na mkewe na binti yake. Hakuwa na maumivu popote. Kilichomleta ni picha.

Kulikuwa na nikaha ya mjukuu. Picha ya babu ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kijana mmoja akaiweka kando ya picha yake ya ujana ili watu wafurahi. Badala ya furaha ikaja taharuki. Jamaa aliyeko Jeddah aliandika kwamba mdomo wa mzee umeshuka upande wa kulia, hicho ni kiharusi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Shangazi mmoja akasema ni upepo mbaya, asomewe. Wengine walitazama tena uso wa mzee wao, wakaona kweli upande wa kulia ni mwingine kabisa: makunyanzi tele, madoa, kope nzito. Usiku ule watu hawakulala.

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha kliniki akiona aibu kidogo. "Mwanangu," akaniambia, "hawa wanaogopa uzee. Waambie ni uzee tu, twende zetu."

Jibu hilo silipendi, ingawa sisi wahudumu wa afya ndio tunaolitoa sana. Uzee ungekuwa sababu pekee, pande mbili za uso wa mtu mmoja zingezeeka sawasawa, maana zina umri mmoja, damu moja na chakula kimoja. Ukiona zimeachana, kuna kitu kimepata upande mmoja na kuuacha mwingine. Huyu mzee alikuwa amebeba usoni mwake jaribio ambalo mtafiti angelilipia pesa nyingi.

Kabla ya kugusa habari ya mikunjo, ilibidi tumalize habari ya kiharusi, kwa kuwa hiyo haingoji. Kiharusi huja ghafla. Mtu analala mzima, anaamka mdomo umekwenda upande, mkono hauna nguvu, ulimi mzito. Nilimwuliza binti ni lini alianza kuona tofauti usoni mwa babake. Akafikiri, akasema labda tangu yeye yuko sekondari. Mkewe akacheka: "Mimi namjua hivi hivi." Majibu hayo yaliondoa nusu ya hofu kabla sijamgusa.

Nikamwambia akunje paji la uso. Afumbe macho kwa nguvu, nami nijaribu kuyafumbua kwa vidole. Aonyeshe meno, nikaona mapengo, nikayaweka akiba. Ajaze mashavu upepo. Anyoshe mikono mbele na kuishikilia. Misuli ya pande zote ilifanya kazi pamoja, mikono haikushuka, maneno yalimtoka sawasawa. Paji lina maana yake hapa. Misuli yake hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo mwenye kiharusi mara nyingi bado huweza kulikunja hata kama mdomo umepinda. Neva yenyewe ya uso ikiugua njiani, hali inayojulikana kama kupooza kwa Bell, paji nalo hulala na jicho hukataa kufumba. Yote mawili hayakuwepo. Laiti kila kundi la ukoo lingejua angalau hili: uso ukipinda leo, usipige picha uitume, tafuta gari. Na kusomewa hakuna ubaya wowote, alimradi asomewe akiwa njiani kwenda hospitali.

Yapo maradhi mengine yanayojificha nyuma ya sura ya uzee, nayo nikayapitia upesi. Ukoma hukata nyusi na kunenepesha ndewe za masikio. Nyusi zake zilikuwa kamili, na pamba niliyompitishia mashavuni aliihisi. Tezi ya shingo ikizorota, uso huvimba na sauti hukwaruza. Homoni ya ukuaji ikizidi ukubwani, pua, taya na vidole hunenepa, na hapo swali la kuuliza ni jepesi: pete bado inavuka? Viatu ni namba ile ile? Pete ilivuka, na viatu ni vile vile tangu zamani.

Basi nikamsogeza karibu na dirisha, nikawasha tochi na kuilaza ubavuni mwa uso ili vivuli vitokeze. Upande wa kulia, kuanzia pembe ya nje ya jicho hadi kwenye taya, ngozi ilikuwa nene na ngumu kidogo chini ya kidole. Rangi haikuwa moja. Juu ya mfupa wa shavu kulikuwa na madoa meusi ya kahawia yasiyo na mipaka. Mikunjo haikwenda upande mmoja tu, ilikatana na kufanya vipande vidogo vyenye pembe, hasa chini ya sikio na kuteremka shingoni. Nikamwinua kidevu. Chini yake, pahali ambapo jua halifiki, ngozi ilikuwa laini kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha nikamwomba akunje mikono ya shati. Mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ulikuwa mweusi zaidi na mkavu kuliko wa kushoto.

Dereva yeyote anajua maana yake. Kiwiko cha kulia hukaa dirishani.

Mwaka 2012 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Upande wake wa kushoto ulikuwa umejaa mafundo na mifereji, wa kulia ukionekana wa mtu aliye mdogo kwa miaka mingi. Marekani usukani uko kushoto. Kwetu uko kulia, na mzee wetu alikuwa nakala ya yule bwana iliyogeuzwa.

Lakini dirisha peke yake halitoshi kueleza. Madereva wa Malindi ni wengi, na si wote wenye uso wa namna hii. Hapa ramani ilinisaidia kuliko vitabu. Barabara kutoka Malindi hadi Garsen inakwenda kaskazini, karibu moja kwa moja. Basi likitoka asubuhi, jua linachomoza upande wa bahari, yaani mkono wa kulia, na linabaki hapo Gongoni yote hadi kukaribia Mto Tana. Baada ya Garsen barabara inageukia mashariki kupitia Witu, jua liko mbele, dereva anakunja macho. Alasiri anarudi. Kutoka Mokowe hadi Garsen anaelekea magharibi, jua liko mbele tena. Akigeuka kusini kwenda Malindi, magharibi iko mkono wa kulia, na jua la alasiri linaingia kwa dirisha lile lile. Kwenda kulia, kurudi kulia. Njia hii ilimchoma shavu moja mara mbili kwa siku, na kwa kuwa tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, hakuna msimu wa kupumzika.

Ongeza eskoti. Njia ya Lamu imekuwa na msafara wa polisi kwa vipindi tofauti, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 mabasi yalizoea kukusanyika na kungoja askari kabla ya kuendelea. Mzee anasema abiria walishuka wakatafuta kivuli cha miti, yeye akabaki na gari. Ongeza pia vumbi, kwa sababu kabla ya lami kufika, kipande cha Garsen hadi Mokowe kilikuwa udongo mtupu, na dereva alikipita macho yamekunjwa mwanzo hadi mwisho. Mikunjo ya pembeni mwa macho huanza hivyo: msuli wa mviringo unaozunguka jicho unajikunja mara maelfu, ngozi iliyo juu yake inafuata, mpaka siku ambapo ngozi haina tena uwezo wa kurudi.

Vioo navyo vina habari yao. Jua linatupa miale ya urujuanimno ya aina mbili zinazotuhusu. Aina B huishia juujuu na ndiyo inayochoma ngozi ikawasha. Aina A haiumi, lakini hupenya hadi tabaka la ndani, na kule huamsha vimeng'enya vinavyokatakata nyuzi za kolajeni. Elastini, zile nyuzi zinazoipa ngozi uwezo wa kuvutika na kurudi, hurundikana mahali zikiwa zimevurugika, hazina kazi tena. Kioo cha mbele cha gari kina tabaka mbili zilizobandikwa utando kati yake, kwa hiyo huzuia karibu miale yote ya aina A. Vioo vya ubavuni kwa kawaida havina utando huo. Vinazuia aina B, aina A inapita, na dereva anajidanganya kwamba yuko salama kwa kuwa haungui. Isitoshe, nani alifunga dirisha la basi la Lamu miaka ya tisini? Joto lile!

Binti aliniuliza swali ambalo wengi wanalo. "Lakini daktari, si sisi weusi jua halituathiri?" Melanini ni kinga, tena ya kweli. Katika ngozi nyeusi chembe zake ni kubwa na zimetawanyika vizuri zaidi, na ndiyo sababu athari za jua kwetu hukawia, mara nyingi kwa miaka kumi au zaidi tukilinganishwa na watu weupe. Kukawia si kukosa. Kwao huanza na vikunjo vyembamba; kwetu mara nyingi rangi ndiyo inayoharibika kwanza, madoa na kutolingana, kisha mifereji minene huja nyuma yake. Mpe mtu mweusi jua la miaka thelathini kwenye shavu moja, uone.

Ushahidi ulionipendeza kuliko wote ulikuwa ndani ya jicho. Jicho la kulia lilikuwa na kinyama cheupe chenye mishipa, kilichotambaa kutoka pembe ya puani hadi kugusa ukingo wa duara jeusi. Wavuvi wetu wanacho sana. Mke aliuliza jambo la akili: ikiwa jua lilitoka upande wa dirisha, mbona kinyama kimeota upande wa pua? Sababu ni umbo la konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Mwanga unaoingia kwa ubavuni hupindwa nayo na kukusanywa upande wa pili, kwenye ukingo ulio karibu na pua, na hapo miale inakuwa mikali zaidi kuliko ilivyoingia. Jua linapiga nje, kidonda kinaota ndani.

Lazima nitaje na mto wa kulalia, kwa kuwa ungeweza kunipotosha. Mzee hulala ubavu wa kulia, kama Waislamu wengi walivyofundishwa tangu utotoni, na shavu linalokandamizwa kila usiku hupata mistari yake. Ila mistari ya mto ina alama zake. Hukatiza shavu kwa mshazari au kusimama wima pembeni mwa paji, mahali ambapo hakuna msuli wa kukunja namna hiyo, wala haiongezeki mtu akicheka. Aliyo nayo ni miwili, mmoja shavuni na mmoja juu ya nyusi. Madoa na ngozi nene haviletwi na mto, wala mto haukunji kiwiko.

Mpaka hapo kila mtu chumbani alikuwa ameridhika. Upande wa kulia ni mbaya, jua ndilo lililofanya, kwaheri. Tatizo ni kwamba jamaa wa Jeddah hakuzungumzia makunyanzi. Alisema mdomo umeshuka. Nikautazama mdomo tena. Kona ya kulia ilikuwa mahali pake. Iliyokuwa imeshuka, kidogo tu, ilikuwa ya kushoto, ule upande ambao ngozi yake ni laini na hakuna aliyehangaika nao.

Nikaomba simu. Kwenye picha mzee ameweka mkono begani mwa mjukuu, saa ikionekana, na saa iko mkono wa kulia. Mzee huvaa saa mkono wa kushoto. Mjukuu alikuwa amepiga kwa kamera ya mbele, na simu ikaihifadhi picha ikiwa imegeuzwa, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Jamaa aliona kweli kitu kimeshuka, akataja upande kwa kadiri ya picha. Watu wa nyumbani wakaenda kuutazama upande huo kwenye uso halisi, wakakuta makunyanzi, wakasadiki. Hakuna aliyesema uongo. Kamera hizo zina hila nyingine pia: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikadiria kwamba picha iliyopigwa sentimita 30 kutoka usoni huipanua pua kwa karibu asilimia 30 ikilinganishwa na iliyopigwa umbali wa mita moja na nusu. Na ile ya ujana waliyoilinganisha nayo ni ya studio, kutoka enzi ambapo fundi alipitisha penseli juu ya negativu kuulainisha uso wa mteja. Walikuwa wanapima mabadiliko ya miaka arobaini kwa mizani mbili mbovu.

"Mzee, fungua kinywa."

Upande wa kushoto magego matatu ya chini hayapo, na mawili ya juu. Nikamwuliza alikuwa akitafuna upande gani. Mkewe akajibu kabla yake: "Huko huko." Miraa. Safari ndefu, eskoti ya kungoja, usingizi wa mchana. Tonge lilikaa shavu la kushoto miaka mingi, na uchungu wake aliuua kwa soda na peremende. Ufizi ukarudi nyuma, meno yakaoza na kulegea, yakang'olewa moja baada ya jingine, la mwisho zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Alijivunia kwamba hakuwahi kusinzia kwenye usukani.

Watu hufikiri jino likitoka, kilichopotea ni jino. Sehemu ya taya inayolishika jino ipo kwa ajili ya jino hilo. Likiondoka, mfupa hauna mzigo wa kubeba, na mwili huanza kuuvunja na kuupeleka kwingine. Katika mwaka wa kwanza baada ya kung'olewa, upana wa mfupa pale huweza kupungua kwa karibu nusu, na baada ya hapo huendelea kupungua polepole. Shavu lililokuwa limeegemea meno linakosa egemeo, linaingia ndani. Kona ya mdomo inakosa kitu cha kuishikilia, inashuka. Asiye na meno kabisa, kidevu chake huelekea puani. Mzee alikuwa nusu ya hapo, upande mmoja.

Kwa hiyo uso wake ulikuwa umezeeka kwa njia mbili tofauti. Kulia kumezeeka kutoka nje kuja ndani, kushoto kutoka ndani kwenda nje. Nilimweleza kwa mfano wa paa la makuti, kwani alijenga lake mwenyewe: upande wa jua makuti yamekauka na kukatika huku boriti ni nzima, upande wa pili makuti bado mazuri, ila boriti imeliwa na paa limebonyea. Akaangua kicheko. "Basi mimi ni wa kuezekwa na wa kusimikwa upya!"

Chini ya hayo mawili kulikuwa na mabadiliko ya kawaida yaliyopata pande zote sawa, nayo ndiyo hasa sehemu ya umri. Tangu mtu avuke miaka ya ishirini hivi, ngozi hupoteza takriban asilimia 1 ya kolajeni kila mwaka, jua liwepo lisiwepo. Mafuta ya uso nayo hayakutandazwa mamoja kama samli kwenye chapati. Mwaka 2007 madaktari wa upasuaji wa Marekani walionyesha, kwa kutia rangi kwenye miili ya waliokufa, kwamba yamegawanyika katika vyumba, kila kimoja na ukuta wake. Vyumba havinywei pamoja. Vya ndani katikati ya shavu hupungua mapema, vya chini karibu na taya hubaki au hunenepa na kuteremka, na hapo ndipo hutokea mfereji kutoka puani hadi mdomoni, na nyama inayoning'inia pembeni mwa kidevu. Mifuko iliyo chini ya macho ni mafuta ya ndani ya tundu la jicho yaliyosukuma mbele baada ya ukuta wake kulegea. Na tundu lenyewe la mfupa hupanuka kwa umri, hasa kona ya juu karibu na pua na ya chini upande wa nje, kwa hiyo jicho huonekana limezama hata kwa mtu aliyeshiba. Mfupa wa taya ya juu hurudi nyuma kidogo, tundu la pua kwenye fuvu hupanuka, ncha ya pua ikakosa tegemeo na kuinama.

Masikio ndiyo yaliyowafurahisha. Mwaka 1995 madaktari wa Uingereza waliwapima watu 206 wakaona sikio huongezeka urefu kwa wastani wa milimita 0.22 kwa mwaka. Kwa miaka arobaini ni karibu milimita tisa. Tukaitazama picha ya studio, tukamtazama mzee, na binti akashika sikio lake mwenyewe.

Mkewe, ambaye ni mdogo wa mumewe kwa miaka sita, alikuwa na hoja yake. Akasema wanaume huzeeka taratibu, lakini yeye uso wake ulibadilika kwa mkupuo, ndani ya miaka michache tu, na watu wakamwuliza kama anaumwa. Nikamwuliza kwa heshima kama ilikuwa karibu na wakati wa kukoma hedhi. Ndivyo. Homoni ya estrojeni ikishuka, ngozi ya mwanamke huweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni katika miaka mitano ya kwanza, kisha kasi inapungua hadi kama asilimia 2 kwa mwaka. Mifupa nayo hupungua kipindi hicho hicho. Hakuwa anajidhania, wala hakuwa amerogwa na mke mwenza, dhana ambayo aliitaja kwa mzaha ingawa sina hakika ilikuwa mzaha. Vile vidutu vyeusi vidogo mashavuni mwake, ambavyo alidhani ni uchafu wa uzee, ni vya kurithi, vinawapata Waafrika wengi na havina madhara. Mamake alikuwa navyo.

Kisha binti akatoa mkobani kichupa cha plastiki kisicho na jina la mtengenezaji. Alikinunua sokoni ili kutoa madoa ya babake, na alikuwa ameshampaka kwa wiki kadhaa. Hapa nilikuwa mkali kuliko nilivyokusudia. Mikorogo ya namna hii mara nyingi ina haidrokwinoni nyingi, steroidi kali au zebaki. Steroidi hukondesha ngozi, na ngozi ya shavu lile tayari nyuzi zake zimekatika. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila mwangalizi huweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka tena, juu ya doa lile lile alilotaka kuliondoa. Zebaki hupita kwenye ngozi na kwenda kwenye figo, na chini ya Mkataba wa Minamata vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja kwa milioni ya zebaki vilipaswa kuacha kutengenezwa, kuingizwa nchini na kusafirishwa nje ifikapo 2020. Hata hivyo kichupa kilikuwa mkononi mwangu. Nilimwomba asikirudishe nyumbani, nikaagiza mkojo wa mzee upimwe kuona kama figo zinavujisha protini.

Mpango tulioafikiana haukuwa mrefu. Kinyama cha jichoni kipelekwe kliniki ya macho. Kikifika kwenye mboni kitafunika kuona, na kukitoa mapema ni rahisi kuliko kukitoa baadaye. Madoa yote ya upande wa kulia niliyapitia moja moja nikitafuta kidonda kisichopona, mwinuko unaotoa damu, au ukoko unaorudi kwenye mdomo wa chini. Hakikuwepo, ila atakuja atazamwe tena kila baada ya miezi sita. Kofia yake ya vito ni nzuri kwa msikiti lakini haina ukingo, na kwa matembezi ya mchana nilimshauri avae ya ukindu yenye ukingo mpana. Krimu ya kukinga jua tuliizungumza, na nilimwambia ukweli: haitarudisha kilichopotea, itazuia kisiongezeke, na kama pesa ni chache aanze na meno.

Meno ndiyo yaliyokuwa na faida ya karibu. Fundi wa meno bandia alimtengenezea kipande cha kushoto, juu na chini. Mfupa uliopungua hauoti tena, lakini shavu lilipata kitu cha kuegemea, kona ya mdomo ikapanda, na jambo ambalo hakuna aliyeliuliza kliniki likajitokeza: alikuwa ameacha kula nyama na korosho kwa miaka mingi, akisema hazimpendezi. Zinampendeza.

Alipokuja kwa ukaguzi aliletwa na mwanawe wa kiume, dereva wa matatu ya Malindi hadi Mombasa, aliyekuwa amesikia habari ya dirisha na kupiga hesabu zake. Akaniambia yeye amepona, maana asubuhi anaelekea kusini, jua liko kushoto kwa abiria, na akirudi jioni anaelekea kaskazini, jua liko kushoto tena. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mtu wa safari moja. Nikamwuliza anapiga raundi ngapi. Mbili, siku nzuri tatu. Basi ile anayopanda nayo kurudi Malindi saa nne asubuhi, jua liko wapi? Akanyamaza, akanyosha mkono wake wa kulia kutazama kiwiko. Nami nikamwongezea kwamba sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno haiji moja kwa moja kutoka kwenye jua, hutawanywa na anga yote na kuingia hata kwa dirisha lililo kivulini. Akauliza krimu inauzwa bei gani. Babake akamwuliza anatafuna upande gani.